Mshale Uliogeukia Lango la Mama Marie-Jeanne

"Batatu, Mama Jokébed! Bashofere batatu na matope yao ya barabara, banaingia kwangu bila hodi, banaikala chini ya picha ya Bikira Maria, na mukubwa yao ananiuliza: 'Mama, samaki iko?' Samaki! Mu salon yangu!"

"Na wewe ulibajibu nini? Sema mbele ya batu. Ulibapatia chai!"

"Chai kwangu ni ya kila mutu. Ata mwizi akiingia kwa mulango, atakunywa chai mbele ya kumuuliza jina. Lakini ule mufupi, mwenye kofia, alifunua sufuria yangu. Alifunua, akanusa, akasema: 'Aa, leo ni maharagi tu?'"

Watu wakacheka. Mama Jokébed hakucheka.

"Donc banakunywa chai yako ya bure, na mukate juu yake, bakifika kwangu tumbo imejaa. Samaki yangu inalala mu mafuta kama mugonjwa. Uko naniuliya biashara, Mama Marie-Jeanne. Sema tu uko na wivu."

"Wivu? Mimi? Nionee moshi wivu?"

Kama siku hiyo ungekuwa unapita kwenye ile njia ya udongo mwekundu inayoteremka kutoka sokoni Butembo, usingepita. Nani ataacha ugomvi mtamu namna ile? Wenye pikipiki walizima injini. Muuza ndizi alitua beseni lake kichwani, akatafuta jiwe la kukalia. Mama hawa wawili walikuwa wameishi mlango kwa mlango tangu watoto wao walipokuwa wakibebwa mgongoni. Waliazimana chumvi asubuhi na kugombana mchana, na mtaa mzima ulijua kwamba anayejaribu kuwaamua ndiye atakayepigwa.

Kosa lenyewe lilikuwa ukutani, kubwa, kwa rangi nyekundu. Ukuta mmoja mrefu uliunganisha nyumba zao upande wa barabara. Kushoto ilikuwa malewa ya Mama Jokébed, mkahawa wake wa mabenchi mawili na sufuria zilizoungua vitako. Kulia lilikuwa lango la Mama Marie-Jeanne. Juma lililopita Mama Jokébed aliagiza achorewe tangazo, akachorewa ziwa la bluu la Kyavinyonge, samaki mnene anayetabasamu ndani yake, sahani ya bugali inayotoa moshi, maneno KWA MAMA JOKÉBED, SAMAKI YA KYAVINYONGE, na chini yake mshale mrefu wa kuonyesha njia. Samaki hakuwa na lawama, bugali nayo ilitamanisha. Ila mshale ulielekea kulia.

Nyuma ya lango hilo la kulia, Solange alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kikwembe. Alikuwa anacheka, na papo hapo alikuwa anaogopa. Binti huyu wa Mama Marie-Jeanne, mcheza ngoma wa kikundi cha parokia, aliujua mkono uliochora mshale ule. Aliujua hadi kovu dogo la kidole gumba.

Ulikuwa mkono wa Malachie.

Malachie alikuwa ametoka Beni kuja kuchora mabango ya Butembo: maduka ya dawa, saluni, milango ya malori. Kijana mrefu, mpole, ambaye sikio lake moja halikukosa tone la rangi. Tangu Pasaka alikuwa akionana na Solange kwenye kona ya duka la simu, maneno mawili, macho mengi. Mtaa wote ulijua. Mama Jokébed alijua zaidi, kwa sababu benchi lake la nyuma ndilo lililowasitiri mvua ikinyesha. Asiyejua alikuwa mama mzazi peke yake, au alijua akakataa kujua. Kwake majibu yalikuwa tayari kabla ya swali. Kijana ni Mprotestanti, wao ni Wakatoliki tangu babu. Tena kazi yake ni burashi, na burashi haijengi nyumba. Mkwe aliyemtaka alikuwa Mathe, mwenye duka la mabati, mtu ambaye hajawahi kumtazama Solange kwa muda anaotazama bati.

Hadi Solange akachoka na kona.

"Mi sitasimama tena hapa kama mwenye kuuzisha unités ya simu," alimwambia Malachie. "Ile kazi yako ya Beni inaanza lini?"

"Siku ya posho naenda. Ni hoteli mupya, ukuta yote. Itanikamata miezi."

"Basi mbele ya kuenda, ingia kwetu kwa lango. Muchana, mama akikuona. Ukiogopa, lala kule kule Beni, na hapana nitumia message."

Alisema kwa ukali, akaenda nyumbani akalia. Maana hata kuingia langoni hakukutosha. Nyumba ile ilikuwa na sheria yake iliyojulikana hadi kwa majirani: chai ni ya kila mtu, bugali ni ya watu wa nyumba. Aliyepewa chai alikuwa mgeni. Aliyeambiwa anawe mikono alikuwa amepokelewa. Mathe mwenyewe, na mabati yake yote, alikuwa bado kwenye chai.

Na siku ya posho, yaani Jumamosi, ndiyo hii.

"Njo huyu!" Mama Jokébed akapiga kelele ghafla. "Njo huyu fundi yangu! Kuja hapa, papa, kuja uone vizuri ulinifanyia!"

Watu wakafungua njia. Malachie akatokea, begi la safari begani, makopo ya rangi mkono wa kushoto, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Alikuwa amejiandaa kukuta mama mmoja ametulia sebuleni. Akakuta barabara nzima.

"Habari ya muchana, ba mama," akasema.

"We fundi." Mama Marie-Jeanne aliongea polepole, kidole kwenye mshale, na upole wake ulitisha kuliko makelele yote ya mwanzo. "Ni wewe ulichora hii flèche?"

"Ni mimi, mama."

"Kushoto na kuume, unajua?"

"Najua, mama."

"Sasa juu ya nini flèche ya samaki iko naonyesha salon yangu?"

Uongo ulikuwa mwingi karibu. Angeweza kusema jua lilimpiga machoni, au ngazi iliteleza, au Mama Jokébed mwenyewe alimwelekeza vibaya. Nyuma ya lango, Solange aliomba kimoyomoyo achukue hata mmoja. Malachie akaweka makopo yake chini.

"Mama, siku ile nilikuwa juu ya ngazi. Kwa ndani Siméon alikuwa anapiga ngoma, na... na Solange alikuwa anarépéter, anajizoeza dansi yake ya fête ya parokia. Macho ilikuwa kule. Mukono ikafuata macho."

Weee! Kicheko kilichopanda pale kiliwaamsha mbuzi wa nyumba ya tatu. Siméon, kaka yake Solange, mpiga ngoma wa kwaya, alikuwa amekaa juu ya bidoni, dumu tupu la maji, akitafuna hindi. Hindi lilimpalia ikabidi apigwe mgongoni.

"Ee Nyamuhanga, Mungu wangu!" Mama Jokébed akashika kiuno. "Kumbe mimi nililipia rangi ya barua ya mapendo!"

Mama Marie-Jeanne hakucheka. Alimtazama kijana, akageuza shingo akalitazama lango lake, na akaona kipande cha kikwembe cha binti yake kikitetemeka kwenye upenyo.

"Iko vile," akasema. "Basi sikia. Tosha hii flèche, ondoa kabisa kwa lango yangu, sasa hivi, mbele ya hawa batu bote. Kisha taxi ya Beni iko nangoja pale chini. Uende muzuri."

Uende muzuri. Solange aliyasikia maneno hayo kama komeo linaloshuka. Akatoka nje bila kujua miguu imemtoa vipi. Malachie akamwona, na kwa kitambo kidogo barabara ile yenye watu wote wale ikabaki na watu wawili. Alikuwa amekuja. Kwa lango, mchana, mama akimwona. Alifanya kila alichoombwa, na sasa ukweli wake ndio uliokuwa unamfukuza.

Malachie akafungua makopo. Akachovya, akasimama mbele ya ukuta, akasita.

"Mama, nyekundu ya mafuta haifutike. Nikipaka nyeupe juu yake, kesho itachungulia tena. Inaomba igeuke kitu ingine."

"Geuza ata mamba. Tosha tu."

Lakini burashi haikusogea. Rangi ilidondoka tone moja kwenye kiatu chake, na bado haikusogea. Nani angeweza kuchora huku anafukuzwa?

Hapo Siméon, ambaye moyo wake ulikuwa mwepesi kama vidole vyake, alijipangusa mikono kwenye suruali, akaanza kugonga lile bidoni alilokalia. Taratibu kwanza, kama mtu anayebisha hodi. Mapigo yale yale ya siku ile ya ngazi.

Mabega ya Malachie yakashuka. Mguu wa Solange ukajibu mavumbini. Hakuna aliyemwomba. Ulijibu mara ya kwanza, ukajibu mara ya pili, halafu Solange akatembea moja kwa moja hadi ukutani, akasimama ubavuni mwa ule mshale, akanyoosha mkono wake juu yake, bega mpaka kidole, sawa kabisa.

Malachie akatazama mkono, akatazama mshale.

"Aaah," akasema kwa sauti ndogo.

Na mshale ukawa mkono. Mstari mmoja ukapanda begani, mwingine ukazunguka shingo, na Solange akageuka, na burashi ikageuka naye. Hawakuwa wamepanga chochote. Akiinama, mstari uliinama. Naye Malachie, alipoona anafuata tu kama mbuzi wa kamba, alirusha mstari wa mkunjo mkubwa juu ya kichwa cha Solange, kama kumwambia: haya, ingia humo! Solange akaingia, mikono juu, kiuno kikichora duara lile lile hewani. Kisha akamdanganya. Alijifanya anakwenda kulia, akaruka kushoto, na fundi ikabidi aruke kopo la rangi ili amfikie.

"Anaenda kuume!" Yule dereva mfupi mwenye kofia, mfunua sufuria, alikuwa amepanda juu ya benchi na kuanza kutangaza kama mtu wa mpira redioni. "Hapana, kushoto! Fundi anachelewa! Fundi iko nyuma! Fundi anateleza... amefika! Amefika, wapenzi basikilizaji!"

Mama Jokébed akasahau hasira yake, akachukua vifuniko viwili vya sufuria akavigonganisha pale Siméon alipoacha nafasi. Hakukosea hata mara moja. Watu wakaanza kupiga makofi, na dereva, alipoona makofi yamekuwa mengi, akaacha mpira akaanza kutunga maneno ya kufuata ngoma, juu ya samaki aliyeoa bugali bila ruhusa ya sombe, mboga ya kisamvu. Ukutani mwanamke mwekundu alikuwa anazaliwa, mguu mmoja hewani.

Mapigo yakawaleta karibu. Solange alisimama huku anahema, uso wake na uso wa Malachie vikiwa na burashi tu katikati.

"Taxi iko nalia," Malachie akanong'ona. Kweli, honi ilisikika chini ya kilima.

"Acha ilie."

"Mama yako ananiangalia."

"Sasa kama uliogopa kuangaliwa na batu, ukakuja kufanya nini? Chora."

"Siméon! Simama!"

Sauti ya Mama Marie-Jeanne ilikata kila kitu. Vifuniko vikabaki hewani. Mguu wa Solange pia. Hata dereva alifunga mdomo, na hilo halikuwa jambo dogo.

"Uko nafanya nini na ile mwimbo?"

"Mama, hapana mwimbo. Nilikuwa nachezea tu kwa..."

"Ulikuwa naelekea mule. Mi nasikia. Ni mwimbo ya kuvuna viazi, ya kwetu Kipese, na haipigwake mbio kama mutu anakimbia mvua. Uko naiuwa! Viazi inang'olewa kwa mugongo, haing'olewe kwa mikono. Sogea."

Akamsukuma mwanawe kwenye nusu ya bidoni, akakaa nusu ya pili, akapiga mwenyewe kwa viganja. Zito. Polepole. Pigo, kisha pumzi, kisha pigo. Halafu akafungua kinywa.

Solange aliijua sauti ya mama yake ya kuita watu mezani, na ile ya kugombana, na ile ya kanisani iliyojificha kati ya sauti za wengine. Hii hakuijua. Ilitoka chini, ikiwa na ukungu wa milima ya Lubero ndani yake. Aliimba kwa Kinande, akiuliza nani aliyelima upande wa mlima, na muuza ndizi, aliyekuwa naye mtu wa huko, akasimama kutoka jiweni akajibu: ni sisi! Nani aliyevumilia baridi? Ni sisi! Sasa wengi walijibu. Nani atakula? Hapo njia yote iliitika, hata wenye pikipiki.

Solange ikabidi abadilike. Mizunguko yake ya sikukuu haikuwa na kazi hapa. Aliinama, akautafuta ule mgongo wa wanawake wanaovuna, hatua nzito, kisigino kikishuka kabla ya kidole, na mwili wake ukashangaa kwamba ulikuwa unajua. Malachie naye akatupa burashi nyembamba, akachukua ile pana ya kupakia kuta. Hakumtazama tena Solange peke yake. Alitazama bidoni, kilemba, kinywa kile kilichofunguka. Akachovya kwenye kopo la bluu, ile iliyobaki kwenye ziwa la samaki, akafanya kazi kama mtu anayekimbizwa na jua.

Wimbo ulipokwisha watu wote walikuwa wanatazama ukuta.

Yule mwanamke mwekundu hakuwa peke yake. Nyuma yake, karibu na lango, palikuwa na mwingine, mpana, kilemba cha bluu kichwani, mikono imeshuka kupiga, mdomo wazi. Aliyecheza alionekana kama anachezwa na pumzi ya mwimbaji huyu.

Mama Marie-Jeanne akainuka. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia ukuta.

"Ni nani huyu?"

"Ni wewe, mama," Malachie akasema.

"Pua yangu njo ile?"

Solange alifumba macho.

"Mama, ulikuwa unageuka-geuka. Ile pua niliikamata mu mbio."

Mama akaweka kiganja mdomoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, kwanza kidogo, kisha mwili mzima, mpaka ikabidi amshike Mama Jokébed asianguke. Naye Mama Jokébed alikuwa anacheka hadi machozi, na walipokwisha kufutana nyuso kwa vikwembe, huyu ndiye aliyekumbuka biashara.

"Muko nacheka, muko nacheka. Na flèche yangu iko wapi?"

Kweli! Mshale ulikuwa umekwisha kabisa, umekuwa mkono wa mtu. Malachie akajikuna sikio lile lenye rangi.

"Nachora ingine, mama. Ila, Solange, tafazali. Simama nyuma yangu."

Kicheko kikapanda upya. Solange akaenda akasimama nyuma yake, mgongo kwa mgongo ili asikosewe, na mshale mpya ukachorwa kuelekea kushoto, kwenye malewa, umenyooka, bila mapenzi ndani yake.

Honi ikalia tena, ndefu, yenye hasira. Malachie akafunga makopo. Akatundika begi begani, akasimama mbele ya Mama Marie-Jeanne, shati lake jeupe likiwa limeharibika vibaya.

"Mama, nimetosha ile ulisema nitoshe. Lakini mi sikukuja juu ya flèche. Nilikuja kuingia kwa lango yako muchana, unione. Solange njo aliniambia, na alikuwa na haki. Basi umeniona. Aksanti ya mwimbo."

Akageuka aende.

"Solange!" Mama akaita bila kumtazama mtu. "Enda weka maji kwa moto."

Maji, Solange akawaza. Kwa hiyo ni chai. Chai ambayo hata mwizi hunyweshwa, chai ya Mathe, chai ya madereva. Baada ya yote yale. Aliuliza kwa sauti nyembamba, ili tu asikie mwisho wake:

"Ya chai, mama?"

"Saa saba ya muchana, chai ya nini? Maji ya bugali! Na utie unga mingi, huyu ni murefu. Mama Jokébed, tuletee ile samaki inalala mu mafuta."

"Utanilipa?"

"Nilinywesha baclient yako chai juma muzima! Lete samaki, na ukuje nayo mwenyewe, tukule."

Malachie alikuwa amesimama katikati ya njia, mguu mmoja ukielekea kilimani, mwingine haujui.

"Mama, taxi..."

"Beni haihame. Utaenda kesho." Alijaribu kurudisha ule ukali wake, haukukaa vizuri usoni. "Sikia, we kijana. Maneno ya kanisa tutaongea. Ya ile burashi tutaongea. Baba yake akitoka Kasugho kwa shamba, naye atasema yake, na anasemaka nyingi. Mimi sijasema ndiyo ya kitu yoyote. Lakini mutu amechora mpaka jasho, haende na njaa toka kwangu."

Hakusema ndiyo, lakini mtaa ulishasikia neno bugali, na habari ilishafika sokoni kabla unga haujaingia sufuriani. Solange alikimbilia jikoni, akarudi na kopo la maji na sabuni huku anacheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu. Mama akampokonya kopo. Akamimina maji yeye mwenyewe kwenye mikono ya Malachie, pale kizingitini, nyekundu na bluu zikitiririka hadi kwenye mawe ya lango.

"Na sisi, mama?" dereva mwenye kofia akauliza kwa unyenyekevu, kichwa chake kikiwa tayari ndani ya lango.

"Nyinyi mufuate flèche!"

Malachie alisugua vidole, akavigeuza, akasugua tena.

"Rangi haitoke, mama."

"Itatoka polepole." Akampa ncha ya kikwembe chake ajifutie. "Ingia, mutoto yangu. Tukule."